Miguu au Mtu? Mjadala wa Matembezi ya Jioni Tunduma

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu aliyeelemewa na mawazo, akipata rafiki mmoja wa kutembea naye mara kwa mara, afya yake ya akili itatengemaa. Nimeileta hoja hii Tunduma kwa makusudi. Ndilo lango letu kubwa la kuingilia Zambia, na kupitia Zambia kwenda Kongo, Zimbabwe hadi Afrika Kusini. Reli ya TAZARA inapita hapa, barabara ya TANZAM kwa upande wetu inaishia hapa, na ya kwenda Sumbawanga inaanzia hapa. Watu wanakuja kutafuta maisha, wengine wanapata, wengine wanakosa, na wengi wanaondoka. Unaweza kuishi Sogea au Majengo miaka mingi, kila siku ukisalimiana na watu mia, usiwe na hata mmoja wa kumwambia kilichokukosesha usingizi.

Wasemaji ni wanne. Sikuwapa majina kwa sababu si watu fulani. Nimewatunga kutokana na hoja zinazozuka kila jambo hili linapozungumzwa. Yupo muuguzi mstaafu anayeitetea hoja, mwalimu wa sekondari anayeipinga, dereva wa malori ya masafa marefu, na mama mwenye duka la nguo anayevuka kwenda Nakonde kibiashara. Mimi nitaingia kati inapobidi, na mwishoni nitasema nimesimama wapi.

MUUGUZI: Katika kazi yangu ni wachache mno walioniambia, "Sista, nina sonona." Watu wanakuja na kichwa, na mgongo, na moyo kwenda mbio. Unapima malaria, hakuna. Unapima presha, iko sawa. Unampa panadol, wiki ijayo amerudi. Ukivuta kiti ukamuuliza taratibu, ndipo anakwambia, "Nina mawazo." Huyo ndiye ninayemsemea leo. Simsemei mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwepo, huyo ana matibabu yake. Namsemea yule anayeamka, anafungua biashara, anarudi nyumbani, anakula, na ndani yake hakuna kinachomfurahisha tena. Huyo namwambia: tafuta mwenzako, tembeeni nusu saa, mara tatu au nne kwa wiki, na awe mtu yuleyule. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo tatu au nne ni mwanzo; nusu saa mara tano umezifikisha.

MWALIMU: Sista, niruhusu nikupinge. Wakulima wa kahawa wa Mbozi wanatembea tangu walipojua kusimama. Nina wanafunzi wanaotembea saa nzima kuja shule na saa nzima kurudi, tena wawiliwawili, watatuwatatu. Kama kutembea na rafiki ni dawa, mkoa wa Songwe usingekuwa na mtu mwenye sonona. Kwetu kutembea ni dhiki. Mtu akishika hela yake ya kwanza ya maana ananunua pikipiki, na hakuna anayemshangaa.

MUUGUZI: Mwanamke mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni, akili yake yote iko kwenye chakula cha jioni, huyo yuko kazini. Mwanafunzi wako anakimbizana na kengele. Ninachokisema mimi ni mwendo usio na mzigo, usio na haraka, na ulioupanga mwenyewe.

MWALIMU: Sawa. Nipe ushahidi basi, tusije tukawa tunapeana moyo tu.

MUUGUZI: Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa matokeo yao juu ya watu 156 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, wote wakiwa na sonona iliyothibitishwa. Waliwagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa dawa iitwayo sertraline. La pili lilifanya mazoezi ya kutembea kwa kasi au kukimbia polepole, nusu saa, mara tatu kwa wiki. La tatu lilipata vyote viwili. Waliotumia dawa walianza kupata nafuu mapema zaidi, lakini ilipotimia wiki ya 16 makundi yote matatu yalikuwa yamelingana. Na mwaka 2024 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 218 zenye washiriki zaidi ya 14,000. Kutembea na kukimbia polepole vilikuwa miongoni mwa mazoezi yaliyopunguza sonona vizuri kuliko mengine.

MWALIMU: Nilitaka ufike hapo. Wale wa Duke hawakutumwa kila mtu kwao akatembee. Walifanya mazoezi kwa kikundi, wakiwa na msimamizi. Mtu aliyejifungia ndani, asiyetaka kuona sura ya mtu, umempangia siku tatu kwa wiki ambazo kuna watu wanamsubiri. Utajuaje kama kilichomwinua ni miguu yake au ni wale watu? Huenda wangekusanyika kucheza bao mambo yangekuwa yaleyale. Na hoja unayoitetea hapa inasema kutembea.

Hapa naingia. Swali la Mwalimu ndilo zito kuliko yote katika mjadala huu, na watafiti wenyewe walikiri kwamba kule kukutana kuliweza kuchangia. Tusilipite haraka.

MUUGUZI: Nitakujibu, tena nitakupa silaha nyingine ya kunipigia. Panda lori hapa Tunduma, pita Lusaka, vuka Chirundu, utafika Harare. Kule kuna daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda. Amekuwa akieleza hadharani jinsi alivyompoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua kwa sababu familia ilikosa nauli ya kumfikisha hospitali, kama dola 15. Mwaka 2006 alianza na akina bibi 14 katika kitongoji cha Mbare. Aliwafundisha kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza mtu mwenye mawazo, kisha kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573. Waliopitia benchini walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Leo mabenchi hayo yamefika Malawi na hata Zanzibar.

MWALIMU: Wamekaa! Hakuna aliyetembea hata hatua moja.

MUUGUZI: Wamekaa, nakubali. Kwa hiyo mtu peke yake anasaidia, na miguu peke yake inasaidia. Mimi nasema viweke pamoja. Kuna jaribio jingine lililochapishwa mwaka 2008. Watafiti waliwasimamisha watu chini ya kilima, kila mmoja na begi zito mgongoni, wakawauliza mwinuko wake ni mkali kiasi gani. Waliosimama na rafiki walikiona kilima kuwa si kikali kama walivyokiona waliokuwa peke yao. Na kadiri urafiki ulivyokuwa wa muda mrefu, kilima kilionekana kulala zaidi.

DEREVA: Naomba niseme, maana mnazungumzia Harare na mimi ndiyo njia yangu. Bibi kwenye benchi anawafaa akina mama. Mwanaume wa barabarani hatakaa pale. Nikikaa, kila anayepita anajua nimeshindwa. Na kutembea nako, Sista, usikuone rahisi. Foleni ya malori inaanzia mpakani, siku mbaya mkia unafika Mpemba. Kweli kile kituo cha pamoja, walichokizindua Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia Oktoba 2019, kimepunguza mambo. Lakini mtandao ukikatika upande mmoja, sote tumeganda. Mei 2020, wakati wa korona, Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde. Waliokuwepo wanajua tulivyokaa. Unapika ugali kwenye jiko la gesi pembeni ya tela. Mke anapiga: ada. Bosi anapiga: umefika wapi? Wakala wa forodha hapokei simu. Na gari huwezi kuliacha, wezi wa mafuta wapo, wakata maturubai wapo.

MUUGUZI: Utingo yupo, mwanangu?

DEREVA: Yupo.

MUUGUZI: Unapokwenda mbele kuangalia kama foleni imesogea, unaenda na nani?

DEREVA: Naenda na dereva wa gari la nyuma yangu. Ndiyo. Asubuhi na jioni, lazima tuende. Kuna mmoja tulikuwa tunaenda naye hivyo. Siku moja tumeshapita magari kama ishirini, akaniambia mke wake ameondoka muda mrefu, na kwamba nyumbani kwa wazazi wake kila wakimuuliza anawaambia yupo, mzima. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia matairi, kama mtu anayekagua upepo. Tulipofika mbele nikadhani yameisha, tukageuza, akaendelea mpaka kwenye gari lake. Hata mimi sikuwa na la kumjibu, nilikuwa naitikia tu. Lakini usiku ule alilala, kesho yake alinishukuru. Ndani ya kabini asingeyasema yale. Baa angeyasema, na asubuhi foleni nzima ingekuwa nayo.

MWALIMU: Hiyo ni bahati ya siku moja. Hoja inasema mara kwa mara. Kesho yeye yuko Kasumbalesa, wewe unashusha Ndola.

DEREVA: Hapo umenishika. Tunapeana namba, tunaangaliana kwenye grupu la madereva, tukikutana mpaka wowote tunatafutana. Lakini siyo kila wiki, sitadanganya.

Niseme neno hapa, kwa sababu simulizi ya Dereva imenigusa kuliko takwimu zote zilizotangulia. Wanaume wetu wamefundishwa kwamba kumkalisha mtu chini umwambie shida zako ni kuomba. Mkitembea bega kwa bega hakuna anayeomba. Macho yako mbele, kuna sababu ya kuwa pale, na ukimya ukiingia hauna aibu kwa sababu miguu inaendelea na kazi yake. Mwalimu aliuliza kama kinachoponya ni miguu au ni mtu. Kwa yule mwenzake wa foleni jibu liko wazi: mtu ndiye aliyemsaidia, na bila miguu asingemfikia.

MAMA MFANYABIASHARA: Nyie wanaume mna foleni ya kutembelea. Mimi nikitoka dukani saa kumi na mbili jioni nawahi kupika. Asubuhi ndiyo usiseme. Jua la huku linachelewa karibu nusu saa nyuma ya Dar es Salaam, saa kumi na mbili bado giza, mwanamke atembee wapi? Ukionekana unazunguka bila mzigo, wanauliza huyu anamtafuta nani. Na barabara kuu yenyewe unagombania ukingo na malori, bajaji na bodaboda. Halafu mawazo yangu mimi nayajua yalipo. Yako kwenye marejesho. Nilichukua mkopo wa kausha damu. Kila siku ya marejesho nikisikia mtu anapiga hodi, mwili unatetemeka. Sista, nitembee kilomita tano, kumi, nikirudi deni liko palepale.

MUUGUZI: Liko palepale, mwanangu. Kuna mtu yeyote anayejua kiasi unachodaiwa?

MAMA MFANYABIASHARA: Nani nimwambie? Mume wangu hajui hata kama nilikopa. Nikimwambia shoga yangu, kabla sijafika nyumbani wameshajua mpaka Nakonde. Huu mji ni wa biashara, na jina ndilo mtaji. Wakijua unadaiwa, hakuna anayekukopesha mzigo tena.

MUUGUZI: Ndiyo maana sikusema rafiki yeyote. Anza na mtu ambaye naye ana la kuficha. Mpe jambo dogo, usikilize kama litarudi kwako kwa mdomo wa mwingine. Likikaa, mpe la pili.

MAMA MFANYABIASHARA: Yupo mmoja. Tuko naye VICOBA, meza yake haiko mbali na duka langu. Zamani tulikuwa tunapanda bajaji moja kurudi nyumbani. Tukaanza kurudi kwa miguu ili kuokoa nauli, siyo kwa ajili ya mawazo. Tunapita mitaa ya ndani, kuna watu, kuna mwanga. Ni kweli siku moja yeye ndiye aliyeanza, akataja kiasi anachodaiwa. Nikasimama. Nilidhani ni mimi tu. Na mimi nikataja cha kwangu. Akaniuliza, "Umekopa sehemu ngapi?" Nilipohesabu kwa mdomo ndipo nilipojisikia nikisema kwamba huu mkopo wa tatu niliuchukua kulipia wa pili. Sikuwahi kuyasikia maneno hayo. Nilikuwa nayajua, lakini sikuwahi kuyasikia.

MWALIMU: Na deni?

MAMA MFANYABIASHARA: Bado. Ila wa nne sikuuchukua. Na yeye ndiye aliyeniambia niulize kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, kumbe sheria ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Usingizi umerudi kiasi, siyo wote.

Jibu hili sikulitegemea kuwa sehemu ya mjadala wa afya ya akili, lakini ndipo mahali pake. Mawazo ya watu wetu mara nyingi yana anwani: ada, marejesho, mzigo uliokwama forodhani, kwacha iliyoshuka. Atakayekuja Tunduma kuhubiri matembezi bila kuzitambua anwani hizo hatasikilizwa, na atakuwa amestahili kutosikilizwa.

MWALIMU: Basi nitaje hofu yangu kubwa, maana hapo nyuma nilikuwa nachokoza. Jambo lisilogharimu kitu linapendwa sana na wenye bajeti. Mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Jambo jema. Fulana, ngoma, picha, na watu wakarudi nyumbani kila mtu na lake. Nahofia kesho mgonjwa wa kweli atafika zahanati aambiwe, "Nenda katembee na rafiki." Kutoka hapa mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 100. Mirembe iko Dodoma. Matembezi yasigeuzwe kisingizio cha kutoleta wataalamu karibu.

MUUGUZI: Hapo sikupingi hata kidogo. Mtu anayezungumzia kufa, aliyeacha kula, asiyelala siku kadhaa, anayeona au kusikia visivyokuwepo, aliyeanza kugawa vitu vyake, huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya mkoa ipo Vwawa, aanzie hapo. Lakini nikuulize, nani atakayeziona dalili hizo? Muuguzi anamwona mtu dakika kumi. Na kumbuka, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu ataficha kwa hofu ya polisi. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilikitamka kifungu chao cha namna hiyo kuwa kinyume cha Katiba, sisi bado. Kwa hali hii, anayeweza kugundua mapema ni yule aliyezoea kukuona kila Jumanne saa kumi na moja. Siku hukutokea, anakuja mlangoni.

MWALIMU: Kwa hiyo hoja yako kumbe ni miadi.

MUUGUZI: Ni miadi. Umeisema vizuri kuliko mimi.

DEREVA: Na mvua je? Huku zikianza Novemba ni mpaka Aprili.

MUUGUZI: Mwamvuli na gambuti, mwanangu. Ikizidi, simameni barazani. Muhimu mmefika.

Nasimama wapi? Nasimama na Muuguzi, kwa marekebisho ya Mwalimu. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke. Mji wa mpakani una kila sababu ya kuwa na zaidi ya huyo mmoja, kwa kuwa urafiki wake mwingi umejengwa juu ya biashara, na biashara ikisimama nao unasimama. Rafiki wa namna hiyo hawezi kubebeshwa huzuni. Panapotakiwa urafiki wa aina nyingine lazima upangiwe siku na saa, kama tunavyopanga siku ya VICOBA, na uwe na jambo la kufanya ili mtu asione haya kuja. Kutembea kunafaa kuliko mengi kwa sababu hakuna kiingilio, kunaupa mwili sehemu yake ya dawa, na kunamwezesha mtu kusema asichoweza kukisema akitazamwa. Hicho ndicho kilichonishawishi. Sidhani kama kitamponya kila mtu. Nadhani kitawafikia wengi ambao hawatakanyaga kliniki ya afya ya akili hata ikijengwa jirani, hasa wanaume.

Halmashauri ya Mji wa Tunduma nayo ina sehemu yake: njia za waenda kwa miguu zilizotengwa na malori, na taa katika mitaa ambayo akina mama wanapitia wakirudi jioni. Wizara ya Afya ina deni la wataalamu. Madeni hayo yadaiwe, tena kwa sauti, na matembezi ya watu yasitumike kuyafuta.

Nawe msomaji, yupo mtu ambaye umemkumbuka ulipokuwa unasoma, aliyepungua maneno siku hizi. Usimuulize ana tatizo gani. Mpigie leo, mtajie siku, saa na mahali pa kukutana, na siku hiyo ufike wewe kwanza.